Sehemu Nane za Sekunde

Mpelelezi Crisanto Bohórquez alikuwa amebakiwa na saa tatu tu. Saa saba kamili mchana tufe jekundu lililokuwa mlingotini, juu ya paa la kituo cha nyota cha kifalme, lingedondoka kama lilivyodondoka kila siku ili mabaharia wote ghubani walinganishe saa zao, na hapo hapo askari wanne wangepanda kilima kumchukua Telmo Arjona. Kwanza mahakama ya wanamaji, kisha gereza la Ceuta, miaka kumi. Ndivyo alivyoamua mkuu wa kituo, Don Fadrique Montalbo, na mzee huyo hakuwa mtu wa kubadilisha hata upande anaolalia.

Kesi yenyewe ilisimulika kwa pumzi moja. Jumanne usiku saa ya baharini namba ishirini na saba, ya kumsaidia nahodha kupima mahali alipo, ilitoweka chumbani mwake, siku mbili tu kabla ya kukabidhiwa merikebu ya *Santa Casilda* iliyokuwa inakwenda Manila. Usiku ule kazini walikuwapo watu wawili: Hilario Quesada, mtazama nyota wa kwanza, chumba cha mashariki, na Telmo, mtazama nyota wa pili, chumba cha magharibi, kila mmoja na darubini yake. Saa tatu usiku mlinda lango alimwona mtu aliyevaa kabuti la Telmo akitoka na sanduku kwapani. Telmo aliapa kwamba hakutoka, na shahidi wake alikuwa daftari lake la nyota la usiku ule. Don Fadrique akasema daftari ni la uongo. Basi, kwisha.

Bohórquez hakupenda mambo yanayokwisha upesi hivyo. Kabla hajawa mpelelezi wa mahakama alikuwa mwongoza njia baharini miaka ishirini na miwili, na nyumba hii ya kilimani aliiheshimu kuliko kanisa, Mungu amsamehe. Aliwahi kukaa siku kumi chini ya mawingu mazito, hajui walipo, mabaharia wakisali kwa sauti. Siku ya kumi na moja mwezi ulichungulia robo saa tu. Akapima, akafungua kitabu cha namba kilichopigwa hesabu na watu wa nyumba hii, akawaambia wenzake: mwamba uko mbele, geuzeni. Alfajiri waliuona mwamba, upande ule ule alioutaja. Mtu akishaokolewa na namba za watu wasiomjua, hawezi kuwasahau.

Alianzia langoni. Doña Frasquita, mjane wa mlinda lango na sasa mlinda lango mwenyewe, alikuwa akiosha kamba wadogo kwenye beseni, kitambaa kakifunga kichwani barabara kwa ajili ya Levante, upepo wa mashariki uliokuwa unapiga siku ya tano mfululizo na kuwatia watu wazimu.

"Mama, uso wake uliuona?"

"Uso! Na upepo ule? Kila mtu kajifunika mpaka puani. Marehemu mume wangu angepita nisingemjua. Na ningemjua, baba, nisingemfungulia."

"Sasa umejuaje kuwa ni Telmo?"

"Kabuti, mwanangu. Lina kiraka cha kijani begani, nimekishona kwa mikono yangu hii. Nikamwita, 'We Konokono, upepo wote huu unakwenda wapi?' Akanipungia mkono, huyoo, akashuka zake."

"Alipunga papo hapo?"

"Papo hapo. Hata sijamaliza ku..." Doña Frasquita aliacha kamba wake, akajifuta mikono kwenye aproni. "Loo! Telmo ukimsalimia unaweza kumenya yai ukalimaliza, ndipo akujibu. Si majivuno, maskini ya Mungu, ndivyo alivyoumbwa. Ndiyo maana wakamwita Konokono."

"Na kabuti lake huliweka wapi?"

"Hapo barazani, kwenye msumari, lake na la Don Hilario. Ndani hawaingii nayo. Vumbi kwa mitambo yao ni balaa."

Bohórquez aliandika yote. Lilikuwa jambo zuri, lakini alijua kwamba hakimu hamfungui mtu pingu kwa sababu ya yai.

*

Telmo alikuwa ameketi chumba cha magharibi chini ya darubini yake, askari mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kucha ameziguguna zote. Bohórquez alimwambia ainuke amwonyeshe kazi yake inavyofanywa, kana kwamba ni usiku na nyota inakuja.

Kimya kidogo. Kisha Telmo akainuka.

"Humu ndani ya darubini, bwana, mna nyuzi tano zimesimama wima. Za utando wa buibui, maana hakuna uzi wa mkono wa mtu ulio mwembamba vile. Nyota inapita uzi mmoja mmoja. Mimi jicho liko hapa, sikio liko kwenye saa kubwa ya ukutani, nahesabu mapigo. Nyota haigusi uzi pale pale saa inapogonga, hugusa katikati. Basi ile sekunde moja naigawa kichwani sehemu kumi, naandika imegusa kwenye ya ngapi."

"Unaigawa sekunde moja sehemu kumi! Kichwani?"

"Ndiyo, bwana. Sote tunafanya hivyo."

Bohórquez alitikisa kichwa. Miaka ishirini na miwili alikula mkate uliookwa na watu hawa, na hakujua kwamba unga wake ni laini kiasi hiki.

"Utando mnapata wapi?"

"Ghala la chumvi, kule chini. Buibui wa kule wanafuma vizuri. Naenda mwenyewe kila Jumatatu, wenzangu wananicheka, wanasema nakwenda kwa mchumba."

"Wanasema pia unachelewa."

Telmo aliinama. Alikaa vile mpaka askari mlangoni akageuka kutazama.

"Sehemu nane. Kila nyota, kila usiku, miaka miwili sasa. Don Hilario akiandika imegusa saa hii, mimi naandika sehemu nane baadaye. Nimejaribu kila kitu, bwana. Nimekunywa kahawa, nimeacha kahawa, nimetia uso kwenye maji ya barafu. Don Fadrique alishaniambia mwezi ujao niondoke. Haki yake. Lakini saa sikuiiba! Wanifukuze kwa kosa langu, wasinifunge kwa la mwingine."

"Jumanne uliona nini?"

"Levante ilizitetemesha nyota zote. Na ile ya nne kwenye orodha, nyota ndogo ya kundi la Mizani, ilinivunja moyo. Kitabu kimesema itafika, nangoja, haipo. Ikaja imechelewa sekunde tatu na zaidi. Nikasema basi, Telmo, umezidi kuharibika."

Bohórquez aliacha kuandika.

"Ukaandika nini?"

"Nilichokiona," alisema Telmo, safari hii bila kuchelewa sana. "Ningeandika nini tena?"

*

Don Fadrique alikuwa na miaka sabini na miwili na vidole vilivyokunjamana kwa baridi yabisi. Aliyafungua madaftari mawili ya Jumanne, akayaweka ubavu kwa ubavu mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu enzi ya babu zao: nyota zile zile, watu wawili, vyumba viwili, bila kusemezana, na asubuhi madaftari yanalinganishwa. Jicho moja linaweza kudanganya, mawili huumbuana.

"Tazama mwenyewe," alisema mzee. "Nyota kumi na nne. Kumi na tatu Arjona amechelewa sehemu nane, kama kawaida yake. Unajua kwa nini? Kwa sababu anajua kwamba sisi tunajua! Amechukua kitabu cha nyota cha mwaka huu, amenakili saa za nyota, akaongeza sehemu nane zake ili tumwamini. Lakini kwenye ya nne hesabu ikampiga chenga, akaongeza sekunde tatu nzima." Alikuwa ameizungushia wino mwekundu. "Njia ya mwongo ni fupi, Don Crisanto."

"Ni fupi kweli, bwana mkubwa. Ila bado sijajua ni nani anayeipita. Naomba madaftari ya mwaka jana, mwezi huu huu. Na ya mwaka juzi."

"Ya nini?"

"Nyota haihami nyumba."

Walikwenda maktaba. Bohórquez alisimama mlangoni kofia mkononi, kama anayeingia kwa mgonjwa. Rafu baada ya rafu, toka sakafuni mpaka darini: miaka tisini ya usiku. Watu waliokaa kwenye baridi, jicho kwenye utando wa buibui, ili mtu fulani asiyezaliwa bado asipasue merikebu yake kwenye mwamba fulani. Wengi wao hawakuwahi hata kupanda mashua.

"Mzee," alisema, akasahau kumwita bwana mkubwa, "nyinyi ni watu wa ajabu."

"Ni kazi tu," alisema Don Fadrique, lakini masikio yalimwiva mekundu.

Bohórquez hakutazama saa zenyewe. Alitazama kitu kimoja: muda kati ya nyota ya tatu na ya nne. Hapo, alieleza, kuchelewa kwa Telmo hakuna maana, kwa sababu aliyechelewa kwa ya tatu na akachelewa vile vile kwa ya nne, katikati hajachelewa kitu. Mzee aliguna kwamba mtoto wa chekechea anajua hilo.

"Vizuri. Mwaka juzi, mkono wa Don Hilario: dakika sita, sekunde arobaini na nne. Mwaka jana, mkono wa Don Hilario: dakika sita, sekunde arobaini na nne. Mwaka jana, mkono wa Telmo: sita, arobaini na nne. Jumanne, Telmo, pale ulipozungushia wino: sita, arobaini na nne."

Don Fadrique alikunja uso.

"Jumanne, Don Hilario?"

Mzee alitoa mwenyewe kwa penseli. Akatoa tena. Penseli ikabaki hewani.

"Sita, arobaini na moja," alisema polepole. "Haiwezekani. Hilario hajakosea sekunde nzima tangu nimjue."

"Sasa fungua kitabu cha mwaka huu, kilichotoka kwa mpiga chapa."

Kitabu kilisema arobaini na moja. Don Fadrique alifungua kabati kwa ufunguo wa shingoni, akatoa karatasi za hesabu walizompelekea mpiga chapa, zenye sahihi yake mwenyewe. Zilisema arobaini na nne. Mpiga chapa wa Cádiz alikuwa ameokota herufi isiyo yake kisandukuni, ya tarakimu 1 mahali pa 4, na hakuna aliyeona.

"Kwa hiyo Telmo..." alianza mzee.

"Telmo angekuwa amenakili, angenakili kosa pamoja na vingine. Hakunakili. Aliitazama mbingu. Aliyenakili ni yule mwingine."

Don Fadrique aliketi kwenye ngazi ya maktaba. Alikuwa amempenda Hilario kama mwanawe, na mtu hahitaji kuwa mpelelezi kuliona hilo.

*

Hilario Quesada aliingia amenyoa vizuri, masharubu yamepakwa mafuta, akauliza kama Konokono ameshakiri.

"Bado," alisema Bohórquez. "Don Hilario, Jumanne ile nyota ya nne uliiona?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Na Levante yote ile?"

"Jicho zuri halitetemeki, bwana mpelelezi. Hilo kamwambie Arjona."

"Ukahesabu mapigo ya saa?"

"Sasa ningehesabu nini, kondoo?"

"Basi pokea pongezi zangu. Wewe ni mtu wa kwanza duniani kuliona kosa la mpiga chapa likipita mbele ya uzi wa buibui."

Akamgeuzia kitabu, karatasi na daftari. Hilario alisoma. Alikuwa fundi, na fundi haelezwi mara mbili. Rangi ilimtoka taratibu kuanzia paji la uso.

"Saa tatu usiku hukuwa darubinini," alisema Bohórquez. "Ulikuwa langoni na kabuti la mwenzako, unampungia mama Frasquita mkono. Ulipunga haraka mno. Telmo angekuwa bado anafikiri. Ukarudi, ukajaza nyota kumi na nne kutoka kitabuni. Kwa nini? Mtu kama wewe!"

Hilario alilifunga daftari. Levante ilitikisa madirisha.

"Ilisimama," alisema Hilario. Hakuwa akisema na Bohórquez, alikuwa akisema na mzee. "Namba ishirini na saba. Siku ya maonyesho ya Mei nilisahau kuijaza ufunguo. Miaka kumi na tisa sijasahau hata saa moja, Don Fadrique. Nikaijaza, nikaiwasha tena, nikaandika daftarini kana kwamba haikusimama. Kisha nikaona aibu kuilinganisha. Kila adhuhuri nikawa natunga namba tu."

"Wiki tatu!" alisema mzee. "Wiki tatu za namba za kutunga!"

"Ndiyo maana sikuweza kuiacha iende! *Santa Casilda* ina watu mia mbili. Wangeniamini mimi mpaka Manila. Afadhali ipotee, nikasema, wapewe nyingine."

"Hapo ulifikiri kama mtu wa nyumba hii," alisema Bohórquez, na alikuwa anamaanisha. Kisha hasira ikampanda, akaiacha ipande. "Lakini Telmo je? Miaka kumi Ceuta, kwa ajili ya ufunguo uliousahau wewe?"

"Alikuwa anafukuzwa hata hivyo," Hilario alisema kwa sauti ya chini.

Don Fadrique alimpa mgongo. Bohórquez akauliza la mwisho, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Iko ghala la chumvi, si ndiyo? Anakookota buibui wake. Ili ikionekana, iwe yeye tena."

Hilario aliitikia kwa kichwa. Ndani ya chumvi! Shaba ile yote, magurudumu yale yaliyochongwa kwa miezi tisa. Bohórquez alihisi uchungu kama aliyeambiwa juu ya mtoto aliyetupwa.

*

Askari wanne walifika saa saba kasoro robo, jasho likiwatoka, vumbi kwenye kope. Waliulizia Arjona. Wakapewa Quesada. Mkubwa wao alitazama karatasi yake, akamtazama mpelelezi, akafuta jina akaandika jingine. Doña Frasquita aliwafungulia lango bila neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

Juu paani tufe jekundu lilikuwa limeshapandishwa mpaka kileleni. Telmo alisimama kando ya mlingoti akisugua vifundo vya mikono, Bohórquez akishika kofia, na Don Fadrique akihema kwa zile ngazi. Chini yao, ng'ambo ya mashamba ya chumvi, ghuba ilijaa merikebu, na kila sitaha ilikuwa na mtu mwenye kioo cha kutazamia, akingoja.

"Kwa kweli bado atakuwa nyuma sehemu nane," alisema mzee, bila kumtazama Telmo. "Hilo hujalitatua."

"Bwana mkubwa, niruhusu niseme kama baharia," alisema Bohórquez. "Katika miaka ishirini na miwili sijapewa saa isiyokosea hata moja. Haipo. Nilikuwa napewa saa na cheti chenu: hii inachelewa kiasi hiki kwa siku. Nikatoa hesabu yangu, nikalala usingizi. Saa mbaya ni ile ambayo leo inawahi, kesho inachelewa. Huyu kijana miaka miwili mmemtukana, mmemtisha, mmemnywesha kahawa, akapigwa na Levante, na bado ni sehemu nane. Haikuwa saba wala tisa. Mngekuwa mmemkuta sandukuni amefungwa kwa shaba, mngemnunua."

Mzee alitoa saa yake mfukoni. Zilibaki dakika mbili, na ndipo wote watatu walipokumbuka kwamba mvuta kamba wa kila siku alikuwa Hilario.

Don Fadrique alitazama vidole vyake vilivyokunjamana. Kisha akasogea pembeni.

"Arjona. Shika kamba."

Telmo alimtazama. Kimya, kama kawaida yake. Macho yalimjaa machozi, akayaacha.

"Bwana mkubwa, mimi nachelewa."

"Najua unachelewa kiasi gani," alisema mzee. "Nitakupa neno sehemu nane kabla. Shika!"

Telmo akashika. Mzee akahesabu kwa sauti, saa sikioni, na kabla pigo la mwisho halijagonga akasema, "Vuta!" Kitambo kidogo kikapita, kile kile, na tufe likaanguka. Ghubani mabaharia wa merikebu thelathini waliinamia saa zao, wakaandika saa saba kamili.